Ukungu Katika Miwani ya Mpanda Pikipiki

Leo tunazungumza juu ya ukungu unaofunika upande wa ndani wa miwani ya vumbi, au wa kioo cha helmeti, mtu anapopanda pikipiki wakati wa baridi. Nimewafikiria kwanza wasikilizaji wa Mlali na vijiji vya jirani, huku Wilaya ya Kongwa. Lakini wewe uliye Mpwapwa usizime redio, na wewe wa Njombe ndiyo kabisa, maana baridi yenu twaijua.

Pengine mtu atasema, "Mwalimu, ukungu nao ni somo? Si mtu afute tu aendelee na safari?" Basi na tupige hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde moja. Ukitoa mkono mmoja kwenye usukani, ukainua kioo, ukafuta kwa kidole cha glavu na kukishusha tena, zimekwisha sekunde tatu. Umekwenda mita 33 kwa mkono mmoja, huoni sawasawa. Katika mita hizo 33, saa kumi na mbili asubuhi, wapo watoto wanaokwenda shule, upo mkokoteni wa ng'ombe usio na taa, lipo korongo lililokula ukingo wa barabara. Na nyuma yako pengine umempakia mama mjamzito anayewahi zahanati. Yeye hana hata helmeti ya kufutia.

Maji ya ukungu huo yanatoka wapi? Wengi hudhani yanatoka nje, kama umande wa majani. Asubuhi ya mvua huenda ikawa hivyo kwa upande wa nje wa kioo. Lakini ukungu wa ndani hutoka kwako wewe mwenyewe, katika pumzi yako na katika jasho la uso wako. Pumzi itokayo puani ina joto karibu na lile la mwili, nayo imejaa mvuke wa maji. Katika kila mita moja ya ujazo ya hewa kama hiyo mna zaidi ya gramu 30 za maji. Sasa, hewa yenye joto hubeba maji mengi, na hewa baridi hubeba machache. Hewa yenye nyuzi 13 za sentigredi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 11 hivi. Pumzi yako inapogusa kioo kilichopoa kwa upepo, nayo hupoa palepale, ikashindwa kuubeba mzigo wake. Maji yaliyozidi hutua juu ya kioo kwa matone madogo mno. Kila tone hutawanya mwanga, na matone maelfu yakikaa pamoja kioo huwa cheupe kama maziwa. Taa ya lori linalokuja mbele yako huonekana kama mwezi uliovimba.

Kwa hiyo ukungu hutaka vitu viwili: kioo baridi, na pumzi isiyo na njia ya kutokea. Ukiondoa kimojawapo, umeupunguza sana. Ukiviondoa vyote viwili, umeuondoa. Shikeni hilo, maana dawa zote tutakazozitaja zinatokana na hapo.

Uwanda wetu huu wa kati una miezi yake. Juni, Julai na Agosti mchana ni jua, lakini usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 13, na siku nyingine chini ya hapo, na upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Miezi hiyohiyo ndiyo baada ya mavuno. Pikipiki nyingi hutoka Mlali alfajiri kwenda Pandambili, kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na wengine hufika hadi soko la nafaka la Kibaigwa. Tena ndiyo miezi ya vumbi. Mpanda pikipiki hujifunga kitambaa puani, na hapo, bila kujua, huwa ametengeneza bomba la kupeleka pumzi moja kwa moja kwenye macho. Waliovaa barakoa pamoja na miwani ya kusomea mwaka 2020 wanalijua sana jambo hili: ukipumua mara mbili, gazeti halionekani.

Msione haya kwa kusumbuliwa na ukungu. Tarehe 5 Juni 1966, Mmarekani Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A, akaelea angani kwa zaidi ya saa mbili. Kazi ilikuwa nzito kuliko ilivyotazamiwa. Jasho na pumzi zake zikakijaza ukungu kioo cha kofia yake, naye hakuweza kuingiza mkono ndani afute. Alisugua kwa ncha ya pua mpaka akapata kitundu kidogo cha kuchungulia. Sehemu kubwa ya kazi aliyotumwa ilibidi iachwe, akarudi ndani karibu kipofu. Watu wenye elimu na fedha zote zile walishindwa na pumzi ya mtu mmoja. Baada ya hapo, katika safari zilizofuata, kioo kilipakwa kwa ndani dawa ya namna ya sabuni.

Sabuni hiyo tutairudia. Kwanza tuipe pumzi njia. Kama helmeti yako ina vitundu vya hewa kidevuni na utosini, visafishe. Mara nyingi vumbi la msimu mzima limevikaba. Unapoanza safari, au unaposimama, inua kioo kwa upana wa kidole kimoja. Ukungu hupenda kuja wakati pikipiki imesimama, kwa sababu hapo hakuna upepo wa kuisukuma pumzi. Ukishaanza kwenda utashusha kioo taratibu. Kitambaa cha pua kivae, vumbi letu si la kuchezewa, lakini ukingo wake wa juu ubanwe vizuri juu ya pua, chini ya miwani, usiingie ndani ya miwani. Acha nafasi upande wa chini ili pumzi itokee kidevuni.

Sasa sabuni. Chukua maji safi, tia tone la sabuni ya maji, au sugua kipande cha sabuni ya kawaida katika maji kidogo. Osha kioo kwa ndani, kung'uta maji, kisha kiache kikauke chenyewe kivulini. Usikisuuze. Ukiona mistari, ipitishie kitambaa laini kwa mkono mwepesi. Utando mwembamba wa sabuni unaobaki hauzuii maji kutua, bali huyafanya yatandae kuwa utando mmoja badala ya kusimama kama matone, na utando waona kupitia kwake. Wazamiaji wa pwani hutumia mate kwa sababu hiyohiyo, kabla ya kuzama na miwani yao ya maji. Sabuni haidumu, kila jioni upake tena kwa ajili ya alfajiri. Kama miwani yako ilinunuliwa ikiwa na dawa ya kiwandani kwa ndani, usiisugue hata kidogo, hasa ikiwa imelowa. Dawa hiyo hubanduka, na baada ya hapo miwani hushika ukungu kuliko ile ya bei rahisi.

Nimeona vijana wakisafisha vioo kwa petroli. Acheni. Vioo vingi vya siku hizi ni plastiki, na petroli huivunjia nguvu, ikaanza kupasuka nyufa ndogo kama utando wa buibui. Dawa ya meno na mchanga laini huchora. Na vumbi kavu lisifutwe kwa shati. Mwagia maji kwanza. Kioo kilichochorwa hutawanya mwanga wa taa kama vile ukungu, tena hicho hakikauki.

Sasa tuvuke bahari kidogo, tukawaone watu ambao kwao ukungu ni hatari zaidi. Huko Kanada, Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alipata mwaka 1937 hataza ya gari lake la kwenda juu ya theluji, na mwaka 1959 akatoa mashine ndogo iitwayo Ski-Doo. Ni kama pikipiki isiyo na magurudumu: mbele ina mbao mbili za kuteleza, nyuma ina mkanda unaozunguka. Mwenye kuipanda hukutana na baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri. Kwake ukungu ndani ya miwani hauishii kuwa maji. Huganda ukawa barafu, na barafu haifutiki. Ndiyo maana miwani yao hufanywa kwa vioo viwili vyenye hewa katikati, ili kile cha ndani kibaki na joto la uso. Miwani ya namna hiyo ya kutelezea thelujini aliibuni daktari wa meno wa Marekani, Bob Smith, mwaka 1965.

Lakini hata hao hawaiamini miwani moja. Hubeba ya akiba, nayo huiweka ndani ya koti, karibu na kifua, imefungwa katika kitambaa laini. Ya kwanza ikishika ukungu huivua, huivaa ile yenye joto, na ile iliyolowa huingia ndani kukauka. Kama wangeiacha ya akiba ndani ya mfuko wa nje, ingekuwa baridi kama barafu, na pumzi ya kwanza tu ingeifunika. Tena hawaipandishi miwani kwenye paji la uso wanapopumzika, kwa kuwa kichwa kinatoa jasho na mvuke wake huingia ndani.

Haya yanatufaa sisi bila theluji yoyote. Kijana wa Mlali huiacha miwani yake imening'inia kwenye usukani usiku kucha, nje. Alfajiri huivaa ikiwa imepoa kabisa. Ilaze ndani ya nyumba, mbali na jiko linalotokota, kwa sababu mvuke wa uji nao ni maji. Asubuhi iweke ndani ya koti wakati unapopasha injini moto. Ukiweza kununua ya pili ya bei nafuu, ibebe kifuani, juu ya shati wala si ndani yake, ndani ya kitambaa cha pamba kikavu. Lazima iwe na joto na iwe kavu; ukiibana kwenye mwili wenye jasho, utaitoa ikiwa imelowa tayari. Usiipashe moto juu ya injini wala kwenye bomba la moshi, itapinda. Na hiyo ya akiba iwe na kioo cheupe. Miwani myeusi ya kupendeza sokoni haina kazi saa kumi na moja alfajiri.

Wazee wanaovaa miwani ya macho chini ya helmeti wana taabu mara mbili, maana vioo viwili hushika ukungu. Mzee, paka sabuni yote miwili, na ukiona ukungu unaanza, simama kando ya barabara. Ukimpakia mtu kama huyo, kijana, usimharakishe.

Kazi ya vikundi juma hili ni hii. Chukueni bilauri tatu za kioo zilizokauka. Mbili zijazeni maji baridi ya mtungini, na moja kati ya hizo ipakwe sabuni kwa nje kama tulivyoeleza, iachwe ikauke kabla ya kutiwa maji. Ya tatu itieni maji ya vuguvugu. Mtu mmoja apumulie zote tatu kwa karibu, moja baada ya nyingine, na wengine wasome maandishi ya gazeti lililoshikwa nyuma ya kila bilauri. Mwandishi wa kikundi aandike ni ipi iliyofifia kwanza, na baada ya muda gani ilikuwa safi tena.