Ng'ombe kurudia joto: Si kila mara mbegu ni mbovu

Lalamiko la wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa ni moja: ng'ombe amehimilishwa, siku 21 zimepita, joto limerudi. Lawama humwendea mhimilishaji, au husemwa mbegu ilikuwa mbovu. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha wahimilishaji wawili kwa ng'ombe mmoja na kulipa mara tatu, kabla ya kujiuliza: je, ni kweli hakushika mimba?

Mara nyingi hushika. Yai likisharutubishwa, kiinitete hufika kwenye mji wa mimba siku ya nne au ya tano. Wakati huo kwenye ovari, pale lilipotoka yai, huota kinundu kinachotoa projesteroni, homoni inayotunza mimba. Lakini mwili wa ng'ombe umezoea kuanza upya kila wiki tatu. Kufikia siku ya 16 hadi 18, mji wa mimba usiopata taarifa yoyote hutoa prostaglandini, kinundu hunyauka na joto hurudi.

Taarifa hiyo hutoka kwa kiinitete chenyewe. Kuanzia karibu siku ya 14 hurefuka upesi, kutoka milimita chache hadi kufanana na uzi wa sentimita 15 au zaidi, kikitoa intaferoni-tau, protini inayofanya kazi kama homoni. Hiyo ndiyo huzuia prostaglandini. Kiinitete kilichodumaa hutoa kidogo mno, na mama huanza upya kana kwamba hakuna kitu.

Kinachokidumaza mara nyingi kiko bandani kwako. Ng'ombe anayekamuliwa sana huku akikonda huwa na projesteroni haba. Joto kali la jua katika siku za kwanza baada ya kuhimilisha nalo huua viinitete vingi. Kivuli, maji na pumba za kutosha ni rahisi kuliko kuhimilisha mara ya nne.

Tupige hesabu. Kila kurudia kunasogeza mbele uzao kwa siku 21, ambazo ng'ombe atakuwa anatoa maziwa kidogo au amekauka, lakini anakula. Kwa kilo 2 tu za chakula cha ziada kwa siku, hizo ni kilo 42, mbali na gharama ya kuhimilisha.

Kwa hiyo andika tarehe. Akirudi kati ya siku ya 18 na 24, ama hakushika au taarifa haikufika. Akirudi baada ya siku 30 na zaidi, na una hakika joto la kwanza halikukupita, huenda mimba ilitunga ikafa. Mwite daktari wa mifugo apime magonjwa ya uzazi.

Jihadhari pia na sindano ya kuleta joto. Nyingi ni prostaglandini ileile, na ng'ombe mwenye mimba changa akichomwa, mimba hutoka. Apimwe kwanza. Mama mjamzito au mtu mwenye pumu asiishike kabisa dawa hiyo, kwani hupenya kwenye ngozi.