Mwanza hadi Mombasa kwa treni bila kukimbizana

Shule zinapokaribia kufungwa mwezi Juni, wazazi wa Mwanza huuliza swali lilelile: tunaweza kuwapandisha watoto treni, tukatoka nje ya nchi, na tukarudi kabla shule hazijafunguliwa? Mnaweza. Ila treni yenyewe haianzii kwetu. Reli iliyoingia Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora inaelekea kusini, kisha mashariki hadi Dar es Salaam, na haivuki mpaka wowote. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, iliyowekewa jiwe la msingi Juni 2021, nayo inashika uelekeo huohuo. Kwa familia ya Kanda ya Ziwa inayotaka treni ya nchi jirani kwa siku chache, chaguo linaloeleweka ni Madaraka Express ya Nairobi–Mombasa, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017.

Kuna wakati ziwa lenyewe lilikuwa sehemu ya reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu Desemba 1901, na meli zikapokea abiria na mizigo kutoka hapo kuzunguka bandari za ziwa, Mwanza ikiwemo. Meli na treni zilikuja kuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa hadi 1983, na shirika lile halikurudi. Ndiyo maana leo kipande cha kwanza cha safari yetu ni barabara, na hapo ndipo safari nyingi za familia huharibika.

Huharibika kwa sababu ya tiketi moja ndefu. Kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka Mwanza hadi Nairobi, na mtu mzima asiye na mtoto mgongoni anaweza kuyapanda akafika. Kwa familia siyashauri. Basi lile linakwenda kwa haraka yake: likifika Sirari, abiria wote wanashuka, wanapanga foleni, na kondakta anaanza kuhesabu vichwa wakati bibi bado anatafuta choo na mtoto wa mwisho ana kiu. Familia ya watu sita ina pasipoti sita na kadi sita za chanjo, na vitu hivyo haviharakishwi. Nunueni tiketi ya kuishia Sirari tu. Vukeni mpaka kwa mwendo wenu, kuleni, kisha ng'ambo ya pili, Isebania, tafuteni matatu ya kuwapeleka Kisii au Kisumu. Gharama haipishani sana na ya tiketi ndefu, na hakuna anayepiga honi kwa ajili yenu.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoipangia safari nzima. Chagueni kitu kimoja tu kisichowasubiri, yaani treni ya Nairobi, na vyote vinavyokizunguka viacheni vilegee. Familia ikiwa na miadi mitatu migumu mfululizo, mmoja ukichelewa yote inaanguka. Ikiwa na mmoja, na siku nzima ya akiba mbele yake, hata tairi likipasuka Bunda hakuna anayegombezwa.

Sasa hati, maana hizi ndizo zinazohitaji kuanza mapema kuliko vyote. Mtanzania hahitaji viza kuingia Kenya, lakini kila mtoto, hata mchanga, awe na hati yake ya kusafiria. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, na kwa familia kubwa hiyo ni fedha nyingi. Ofisi za Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya safari kwa wanaokwenda nchi jirani. Ulizeni kama inawafaa. Mzazi akisafiri na watoto bila mwenzake, abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya yule aliyebaki. Si kila ofisa atauliza, lakini atakayeuliza ataiuliza mkiwa dirishani, na Sirari si mahali pa kuanza kuitafuta.

Halafu kadi ya njano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo mnaporudi Tanzania mtaulizwa cheti cha chanjo. Sindano huhesabiwa kuwa na nguvu siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, hakihuishwi tena. Watoto huchanjwa kuanzia miezi tisa. Mkisubiri wiki ya safari mtakuwa mmeshachelewa, hata kama fedha ipo.

Kuhusu mwezi, Juni una faida ambayo wengi hawaioni. Wanafunzi wetu wakiwa likizo, wa Kenya wako darasani. Muhula wao wa pili huendelea hadi karibu Agosti. Desemba nchi zote mbili ziko likizo, nusu ya Nairobi inashuka pwani, na viti huisha mapema. Juni viti vinapatikana, vyumba vya Mombasa hushuka bei, na mvua kubwa za masika zimepungua. Epukeni tu siku zinazozunguka tarehe 1 Juni, Sikukuu ya Madaraka, na mtazame Idi inaangukia lini mwaka huo.

Siku ya kwanza iwe ya mpaka na si kingine. Mkiondoka stendi ya Nyamhongolo asubuhi, njia inapita Magu na Lamadi, inagusa ukingo wa Serengeti pale Ndabaka, inapita Bunda, inavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, kisha inapanda Tarime hadi Sirari. Ni kama kilomita 300. Kituo cha mpakani ni cha pamoja, kwa hiyo muhuri wa kutoka na wa kuingia hugongwa katika jengo moja. Badilisheni fedha dirishani au benki, msibadilishe kwa vijana wanaowafuata na mabunda mkononi. Shilingi moja ya Kenya ni takribani 20 za kwetu, hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kukabidhiwa kwa safari nzima, naye ataifanya kwa bidii kuliko mtu mzima yeyote.

Laleni Kisumu, na kesho yake msiondoke. Najua wengi wataona ni kupoteza siku: tumetoka ziwani kuja kutazama ziwa? Lakini mtoto aliyekulia Capri Point au Igombe akisimama ufukweni Dunga na kuona maji yaleyale yakiwa upande wa pili, sangara yuleyule akiuzwa kwa shilingi nyingine, anaielewa jiografia kwa namna ambayo ubao hauwezi kumpa. Na miguu ya bibi inapumzika.

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 340 kwa barabara, kupitia mashamba ya chai ya Kericho na kushuka Bonde la Ufa. Ipo pia treni ya reli ya zamani, iliyorudishwa Desemba 2021, lakini ni ya usiku na haitoki kila siku. Watoto wakubwa wataifurahia. Ulizeni stesheni ya Kisumu kwanza, na msiifanye kuwa mwadi wa pili mgumu. Ikiwapo siku yenu, pandeni. Isipokuwapo, mabasi yapo.

Nairobi ipeni siku moja kamili kabla ya treni. Hii ndiyo siku ya akiba niliyoisema, na kama haikuhitajika kwa kuokoa ratiba, ina kazi nzuri zaidi. Karibu na stesheni kuu ya zamani kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ndani yake limehifadhiwa behewa alimolala Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, usiku mmoja wa Juni mwaka 1900 katika kituo cha Kima. Alikuwa anamvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Mtoto akisimama mbele ya dirisha lile na kupima upana wake kwa mikono, kesho yake hatalala treni ikipita nchi hiyohiyo. Siku ile pia ndiyo ya kupima njia ya kwenda kituo cha treni ya kisasa, ambacho hakiko katikati ya mji. Kiko Syokimau, na foleni ya Barabara ya Mombasa asubuhi haina huruma.

Treni za kwenda Mombasa kwa kawaida ni tatu: ya saa 2 asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ya saa 9 alasiri inayokwenda haraka zaidi, na ya saa 4 usiku. Kwa familia nachagua ya asubuhi bila kusita. Inachukua kama saa sita, moja zaidi ya ile ya haraka, lakini saa hiyo moja inalipwa kwa mwanga. Mtaipita Tsavo jua likiwa juu, na mtafika Miritini alasiri, mkitafuta mahali pa kulala mkiwa mnaona mnakokwenda. Ile ya alasiri inawashusha usiku, watoto wamelala, mizigo mingi, na madereva wanaojua kuwa mmechoka.

Tiketi za daraja la kawaida zilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 za Kenya. Watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Malipo yamezoeleka kwa M-Pesa ya Kenya, kwa hiyo kama mna ndugu kule, mwombeni awakatie, na mtumieni majina na namba za pasipoti kama zilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Jina la tiketi lisipofanana na la pasipoti, mlango haufunguki.

Fikeni saa nzima kabla, na waandaeni watoto kwa jambo hili: nje ya kituo mizigo hupangwa chini kwa mstari, wenye mizigo wanarudi nyuma, na mbwa wa polisi wanapitishwa wakinusa begi moja baada ya jingine. Mtoto aliyeambiwa atasimama akitazama kwa hamu. Asiyeambiwa ataanza kulia akidhani begi lake limefanya kosa. Baada ya hapo ni mashine za ukaguzi, na kisu hakipiti, hata kile kidogo cha kumenyea, kwa hiyo maembe na mananasi yakateni mlikolala.

Katika daraja la kawaida viti ni vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vikitazamana goti kwa goti. Msafiri wa peke yake huona dhiki; kwa familia ni sebule. Bibi akae unakoelekea mwendo, maana kurudi kinyumenyume huwatia wengi kichefuchefu. Baada ya Emali, kukiwa hakuna mawingu, Kilimanjaro huonekana upande wa kulia kwa anayekwenda Mombasa, na watoto waambieni kabla kwamba mlima ule uko kwao. Halafu inaanza Tsavo. Hapa ndipo mwaka 1898 simba wawili walipowaandama wajenzi wa daraja la reli kwa miezi hadi kazi ikasimama. Waliuawa Desemba mwaka huo, na leo wako katika jumba la makumbusho la Chicago. Reli mpya imeinuliwa juu ya tuta, na imeachiwa mapito ya wanyama chini yake. Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa sababu ya udongo wanaojipaka. Wawekeni watoto dirishani kati ya Mtito Andei na Voi, na mfunge simu.

Mombasa laleni siku mbili tatu, si chini. Ngome Yesu asubuhi kabla ya joto, bahari jioni, na mchana hakuna ratiba. Anayetaka kuona Malindi, Diani na mbuga katika siku hizo hizo anarudisha haraka ileile tuliyoiacha Sirari.

Kurudi, chukueni tena treni ya saa 2, laleni Nairobi, kesho yake Kisii, na siku ya mwisho muwe Sirari kabla ya adhuhuri, kadi za njano zikiwa juu ya begi na si chini yake. Jumla ni siku kumi. Ongezeni mbili za nyumbani kabla ya shule kufunguliwa: moja ya kufua, moja ya kulala.