Shule ya Kiungani: Habari za Sekondari za Kata Mjini Singida

Msafiri aingiaye Singida hulakiwa kwanza na majabali, makubwa kwa madogo, yaliyopandana kana kwamba kuna mkono uliyapanga, kisha na maji ya Ziwa Singidani na jirani yake Kindai, ambayo kwa wingi wa chumvi hayanyweki. Lakini akiuacha mji nyuma yake na kushika njia za vumbi ziendazo Mungumaji, Mandewa, Mtamaa au Unyambwa, baina ya mashamba ya alizeti na mtama, ataona jambo ambalo babaye asingaliliona alipopita hapo zamani: safu ya majengo yaliyoezekwa bati, bendera ya taifa juu ya mlingoti, na vijana waliovaa mashati meupe wakienda masomoni kwa miguu yao wenyewe. Hiyo ndiyo shule ya sekondari ya kata. Aghalabu husemwa kwa mapungufu yake, ilhali habari ya jinsi ilivyofika hapo ilipo haisimuliwi.

Ili kuijua thamani ya shule iliyo karibu, sharti tukumbuke enzi ambazo sekondari ilikuwa safari. Mkoa wa Singida wenyewe haukuwapo hata ulipofika mwaka 1963. Kabla ya hapo Singida ilikuwa ni wilaya ndani ya Jimbo la Kati, na mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba aliyejaliwa kufaulu alifunga sanduku lake la bati, akaagana na wazee wake, akapanda lori kwenda Dodoma, ambako palikuwa na shule iliyokuja kuitwa Mazengo, au Tabora, ambako Waingereza walifungua skuli yao mashuhuri mwaka 1925. Wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamekwisha kueneza madarasa ya chini huko Iramba na kufundisha walimu Kinampanda, na fadhila hiyo haisahauliki. Lakini baina ya darasa la kijijini na kidato cha kwanza palikuwa na masafa ambayo wengi hawakuyavuka. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaja kwamba mwaka wa uhuru nchi nzima ya Tanganyika ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu wa sekondari, na katika hao waliokuwa kidato cha sita ni 176. Hesabu hiyo ni ya nchi nzima, si ya mkoa mmoja, nayo ingeweza kuketi katika vyumba vichache vya leo.

Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, serikali ilielekeza nguvu zake katika elimu ya msingi kwa wote, na ikawa kila kijiji kina darasa la saba, walakini mlango wa juu ukabaki mwembamba vilevile. Basi kadiri watoto walivyozidi kumaliza darasa la saba ndivyo walivyozidi wale waliorejea nyumbani, si kwa ujinga, bali kwa kukosa nafasi. Waliochaguliwa waliendelea kwenda mbali: Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe wilayani Ikungi, ambaye baadaye alikuwa mwanasheria na mwanasiasa, alisomea Ilboru huko Arusha na kisha Galanos, Tanga. Tangu uwanda wa Singida hadi ufukwe wa bahari, kwa ajili ya vidato sita! Kwa kijana mwenye moyo mgumu safari hiyo ilikuwa tunu, maana alikutana na watoto wa makabila yote. Lakini ni wangapi, hasa mabinti, ambao wazazi wao walisita kuwaacha waende masafa hayo, wakabaki na barua ya kuchaguliwa mkononi?

Mabadiliko makubwa yalikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, ambao watu waliuita kwa kifupi MMES. Ada ya shule za kutwa ilishushwa ikawa shilingi 20,000 kwa mwaka, na baada ya uchaguzi wa mwaka 2005 Waziri Mkuu Edward Lowassa aliwasimamia wakuu wa mikoa na wilaya kwa nguvu ili kila kata iwe na sekondari yake. Shule za sekondari nchini, ambazo mwaka 2005 zilikuwa 1,745, mwaka 2010 zikawa 4,266. Tarakimu hizi zikisomwa upesi hudhaniwa kuwa ni kazi ya ofisi. Kwa hakika ni kazi ya mikono na migongo ya watu.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Singida ina majira mamoja tu ya mvua, ianzayo kati ya Novemba na Desemba na kukatika mnamo Aprili. Basi darasa hujengwa kiangazi, baada ya mavuno, wakati alizeti imekwisha kuuzwa na njia zinapitika. Mtendaji wa kata huitisha mkutano, mchango wa kila kaya hukadiriwa, na asiye na fedha hutoa nguvu kazi. Jabali, ambalo Singida halihitaji kununuliwa, hupasuliwa likawa mawe ya msingi, na mawe hugongwagongwa kwa nyundo mpaka yawe kokoto, kazi ambayo kina mama huifanya wakiwa wameketi chini, mguu mmoja umenyooshwa, khanga imefungwa kiunoni, na vumbi jeupe limewakaa hadi kwenye kope. Wanafunzi wa shule ya msingi huja na ndoo za mchanga na maji. Ukuta ukifika kwenye lenta, fedha ikaisha, jengo husimama bila paa, nalo huitwa boma. Na yako maboma yaliyopigwa na mvua za masika mawili na matatu kabla ya kupauliwa.

Halafu huja Januari, mwezi wa kufungua shule, ambao kwa mkulima wa Singida ndio mwezi wa palizi na wa ghala kupungua. Sare, madaftari, viatu, vyote hudaiwa wakati ule ule mfuko ulipo mtupu. Hapo ndipo kuku wa kienyeji, ambao Singida ina sifa nao hadi Dar es Salaam, hugeuka kuwa benki ya mama: jogoo huenda mnadani, mtoto akaenda shule. Naamini hakuna mfadhili aliyeisaidia sekondari ya kata kuliko kuku huyu.

Kuta zilisimama haraka kuliko walimu walivyopatikana. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya majuma machache, wakapelekwa madarasani, na watu wakawaita kwa dhihaka vodafasta, yaani walimu wa harakaharaka. Jina hilo halikuwa la haki kwa wengi wao, kwani walibeba mzigo ambao hawakuandaliwa kuubeba. Maabara hazikuwapo, na ni Singida hapa hapa, Novemba 2012, Rais Jakaya Kikwete alipotoa agizo kwamba kila sekondari ya kata nchini ijengewe maabara za fizikia, kemia na biolojia. Miezi mitatu baadaye yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ambayo yaliishtua nchi: takriban watahiniwa sita katika kila kumi walipata daraja la sifuri, ingawa baadaye alama zilipangwa upya. Wengi walilaumu wanafunzi. Lakini mtoto asemaye Kinyaturu nyumbani, akafundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha ghafla akatakiwa kueleza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, amewekewa mlima mbele ya mlima. Na la ajabu ni wale walioupanda.

Tangu Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Mwaka 2021, kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini, 12,000 kati yake ya sekondari, na mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa, kwa tangazo la Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba, mzaliwa wa Iramba. Hivyo nyundo ya mama imepumzika kidogo. Masafa, hata hivyo, hayajaisha. Kata ni pana, na mtoto wa upande wa mwisho hutembea saa nzima au zaidi. Wengine hupanga chumba karibu na shule, wanachokiita geto, wakajipikia wenyewe wangali wadogo, na hatari zinazomkabili binti katika chumba hicho kila mzazi azijua. Ndiyo sababu sasa hoja ya viunga imegeuka: si darasa tena, bali bweni la wasichana na chakula cha mchana.

Historia ya shule hizi haikuandikwa vitabuni. Imo katika daftari la michango, lenye jalada gumu na pembe zilizoliwa na mchwa, ambalo aghalabu hukaa katika kabati la mtendaji: jina la kaya, fedha iliyotolewa au siku zilizofanyiwa kazi, na saini, au alama ya kidole gumba kwa asiyejua kuandika. Ningependa kila mkuu wa shule aliombe daftari hilo, alinakili, na alitunze katika maktaba ya shule, mahali ambapo mjukuu atalifungua na kukikuta kidole gumba cha bibi yake.