Simu ya Kulipia Kidogo Kidogo: Jua Haki Zako Kabla ya Kutia Sahihi

Wakaazi wengi wa Kaunti ya Kilifi huchukua simu kwa dipoziti na kumaliza deni kwa malipo ya kila siku. Mpango huu umewasaidia wavuvi, akina mama wa sokoni na wahudumu wa bodaboda kupata simu ambazo wasingeweza kuzinunua kwa pesa taslimu. Hata hivyo, huo ni mkataba wa mkopo. Ukikosa kulipa, kampuni yaweza kuifunga simu kutoka mbali kupitia programu iliyomo ndani yake. Kwa anayepokea wateja na malipo kwa simu hiyo hiyo, kufungiwa simu ni kufungiwa riziki.

Piga hesabu kwanza

Shilingi 50 kwa siku huonekana kidogo. Tuseme dipoziti ni shilingi 2,000 na malipo ni shilingi 50 kwa siku 365. Malipo ya kila siku yatafika shilingi 18,250, na jumla itakuwa shilingi 20,250. Ikiwa simu hiyo inauzwa shilingi 13,000 taslimu, utakuwa umelipa shilingi 7,250 zaidi. Huenda bado ikakufaa, lakini amua ukijua.

Kabla ya kutia sahihi au kubonyeza "kubali", muulize wakala:

• Jumla nitakayolipa hadi mwisho ni shilingi ngapi?
• Nikikosa siku moja au wiki moja, simu itafungwa lini na kufunguliwa vipi? Mvuvi aulize hasa kuhusu miezi ya kusi, bahari inapochafuka na mapato kupungua.
• Simu ikiharibika au kuibwa, deni litaendelea?
• Nikirudisha simu, dipoziti yangu itakuwaje?

Majibu yawe kwenye maandishi. Ikiwa husomi vizuri, nenda na mtu unayemwamini, na usiharakishwe.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, maelezo ya kutosha, kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inaongeza kwamba sharti lenye utata katika mkataba litafasiriwa kwa manufaa ya mteja, na kwamba haki zilizomo katika sheria hiyo hazifutwi na maandishi ya mkataba.

Kwa huduma za laini, kanuni za mawasiliano za mwaka 2010 zinasema mteja atozwe tu kwa huduma alizojiunga nazo. Ukiona salio linakatwa kwa jumbe za michezo, nyimbo au mawaidha ambazo hukuziomba, una haki ya kulalamika. Pia tangu mwaka 2011 unaweza kuhamia mtandao mwingine ukabaki na nambari yako.

Linda kitambulisho chako

Wakala akikuomba kitambulisho, usimwachie aende nacho. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, iripoti kwa kampuni husika mara moja. Laini hiyo ikitumiwa kwa utapeli, wachunguzi huenda wakaanza na wewe.

Ukidhulumiwa, fuata hatua hizi

1. Weka ushahidi: risiti, mkataba, jumbe za malipo na tarehe ambayo simu ilifungwa.

2. Lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe. Omba nambari ya malalamishi na uiandike.

3. Kampuni ya laini isipokusaidia, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kupitia chukuahatua@ca.go.ke. Ambatisha ushahidi na nambari uliyopewa.

4. Ikiwa unadai pesa zisizozidi shilingi 1,000,000, waweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Uliza katika kituo cha mahakama kilicho karibu nawe mahali pa kuwasilisha dai.

Huduma za simu zinasimamiwa na serikali ya kitaifa. Lakini leseni za biashara na biashara ya haki ni majukumu ya kaunti chini ya Katiba. Kwa hivyo, duka likikuuzia simu mbovu au likikuficha bei kamili, ripoti pia kwa afisi ya biashara ya kaunti.

Hifadhi risiti zako hadi siku utakapomaliza deni, kisha dai thibitisho la maandishi kwamba umemaliza na kwamba simu haiwezi tena kufungwa. Ukiwa na karatasi hiyo, simu ni yako.