Kipande Kidogo Kuliko Vyote: Namna ya Kuchagua Kichezeo cha Kujengea Ngome kwa Mtoto Mdogo

Msimu wa kuuza pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, aghalabu mwezi Mei, fedha huingia katika kaya nyingi kwa wakati mmoja. Ndio wakati wa kununua mabati, sare za shule na baiskeli. Ndio pia wakati mzazi anapokumbuka kumpelekea mtoto zawadi. Miongoni mwa zawadi zinazovutia katika maduka ya miji na katika minada ni vichezeo vya kujengea: matofali ya plastiki yanayoshikana, vigae vya sumaku, na seti za fito na viunganishi ambazo mtoto huziunga, akazifunika kwa kitambaa, akapata ngome yake mwenyewe.

Ni zawadi njema. Mtoto anayejenga hujifunza kuhesabu, kupima kwa macho, kusubiri zamu na kuanza upya kilichoanguka. Hata hivyo, ni bidhaa inayouzwa kwa picha iliyo juu ya boksi, ilhali usalama na thamani yake vimo ndani ya boksi, katika vipande ambavyo mnunuzi havioni. Katika makala haya tunamshauri mlaji ageuze mtazamo: asiihukumu seti kwa ngome kubwa iliyochorwa, bali kwa kipande kidogo kuliko vyote, wala asiichague kwa ajili ya mtoto anayeiomba tu, bali kwa kumfikiria mtoto mdogo kuliko wote aliyemo nyumbani.

Kwa nini kipande kidogo

Mtoto wa chini ya miaka mitatu huujua ulimwengu kwa mdomo. Kila anachookota hukionja. Njia yake ya hewa ni nyembamba, na nguvu yake ya kukohoa ili kutoa kilichokwama bado ni ndogo. Kipande kinachoweza kuingia chote kinywani mwake kinaweza kumpalia na kuziba pumzi.

Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya usalama wa vichezeo, kikiwamo ISO 8124, hutumia kipimo rahisi: kijisilinda chenye kipenyo cha milimita 31.7, kilichokatwa mshazari ili kina chake kianzie milimita 25.4 upande mmoja na kufikia milimita 57.1 upande wa pili. Kipande kikiingia chote humo bila kubanwa, hakifai kuwamo katika kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa vitu vya mviringo kama mpira kipimo ni kikali zaidi, kwa kuwa tufe huziba koo barabara: mpira wa mtoto wa umri huo haupaswi kupita katika tundu la kipenyo cha milimita 44.5. Tunausisitiza mviringo kwa makusudi, kwa maana katika seti nyingi za ngome viunganishi vya fito vina umbo la mpira wenye matundu.

Mlaji hana haja ya kuwa na maabara. Kile kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki tishu ya chooni inapokwisha kina upana wa takriban sentimeta 4, yaani ni kikubwa kidogo kuliko kipimo cha maabara. Kipande chochote kinachopita ndani yake kiwekwe mbali na mtoto mdogo. Kwa vipande vya mviringo tumia rula ya shule: visipungue sentimeta 5. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji afungue boksi au akuoneshe sampuli. Muuzaji mwaminifu hatalikataa ombi hilo.

Umri ulioandikwa si kipimo cha akili

Wazazi wengi husoma umri ulio juu ya boksi kana kwamba unapima werevu. Husema, “Mwanangu ni mwerevu, ana miaka miwili lakini hii ya miaka minne ataiweza.” Yamkini ataiweza. Lakini onyo la umri linahusu koo lake, si akili yake.

Tazama hasa alama ya duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, likiwa limekatwa kwa mstari. Wapo wanaoielewa kinyume, wakadhani kichezeo kimetengenezwa kwa watoto wa miaka 0 hadi 3. Maana yake ni kwamba kichezeo hicho HAKIFAI kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Namna kampuni kubwa zinavyolishughulikia jambo hili inafundisha. Kampuni ya LEGO ya Denmark, ambayo tofali lake la plastiki la muundo wa sasa lilisajiliwa kwa hataza mwaka 1958, ilitoa mwaka 1969 tofali la DUPLO kwa ajili ya watoto wadogo. Tofali hilo lina urefu, upana na kimo mara mbili ya lile la kawaida, na bado hushikana nalo. Hatuitaji kampuni hiyo ili kuipigia debe; tunaonesha tu kwamba ukubwa wa kipande ni uamuzi wa usalama.

Kwa kufuata msingi huo, tunashauri ifuatavyo. Kabla ya miaka mitatu, chagua vipande vikubwa na vyepesi vya kupanga, visivyo na kamba wala vifungo vinavyong'oka. Kati ya miaka mitatu na mitano, matofali makubwa na seti za fito zenye viunganishi vipana hufaa, mtu mzima akiwa karibu. Baada ya miaka mitano mtoto anaweza kupewa vipande vidogo, mradi nyumbani hamna mdogo wake anayetambaa. Akiwapo, seti ya mkubwa ichezewe mezani au juu ya mkeka mmoja, na vipande vihesabiwe kabla ya kuhifadhiwa.

Sumaku na betri

Hatari mbili zinahitaji onyo la pekee kwa sababu hazionekani. Ya kwanza ni sumaku ndogo zilizomo katika vigae vya kujengea. Kigae kikipasuka, sumaku hutoka. Mtoto akimeza mbili au zaidi, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ya pili ni betri bapa yenye umbo la sarafu, ambayo huwekwa katika seti zenye taa. Ikikwama katika umio wa mtoto, inaweza kuunguza nyama vibaya ndani ya saa mbili tu, hata kama ilikuwa imekwisha nguvu ya kuwasha taa.

Kwa familia iliyo katika kijiji cha mbali cha Meatu au Itilima, saa mbili zinaweza kuishia njiani kabla ya kuifikia hospitali yenye eksirei. Basi kinga ianze dukani: usinunue kigae ambacho kingo zake zimeachana au kinatoa mlio wa kitu kilicholegea ndani, wala kichezeo ambacho mfuniko wa betri hufunguka kwa ukucha bila bisibisi. Ukishuku kwamba mtoto amemeza kimojawapo, usimtapishe na usingoje dalili. Mpeleke hospitali mara moja.

Hesabu fito kabla ya kulipa

Usalama ukishathibitika, inafuata thamani ya fedha. Picha ya boksi huonesha mtoto ameketi ndani ya ngome. Je, vipande vilivyomo vinatosha kuijenga? Hesabu yake ni nyepesi.

Chumba kimoja cha umbo la mchemraba huhitaji fito 12 na viunganishi 8. Ukitaka paa lenye ncha juu yake, ongeza fito 4 na kiunganishi 1: jumla fito 16 na viunganishi 9. Sasa pima urefu wa ufito. Ukiwa sentimeta 40, chumba hicho kitakuwa na sentimeta 40 kila upande, na mtoto wa miaka minne, ambaye kimo chake hukaribia mita moja, hataweza kuketi ndani. Ili apate chumba cha sentimeta 80 kila upande, unahitaji kuunganisha fito mbilimbili: fito 44 na viunganishi 25, hata baada ya kuacha wazi nafasi yote ya ndani na katikati ya sakafu. Boksi lenye fito 24 haliwezi kuijenga ngome hiyo, picha yake iwe nzuri namna gani.

Angalia pia uimara. Fremu ya mraba hupepesuka, ya pembetatu husimama imara. Seti yenye fito ndefu zaidi za kukaza mshazari ni bora kuliko yenye fito za urefu mmoja tu. Unga vipande viwili kisha uvitenganishe mara kadhaa mbele ya muuzaji: kiunganishi kilicholegea kabla ya kununuliwa hakitamaliza mwezi, na kilichobana kupita kiasi kitamshinda mtoto, naye atakitumia meno.

Rangi, harufu na kingo

Pitisha kidole kwenye kila ukingo. Pasiwe na mwiba wa plastiki uliobaki kiwandani. Sugua rangi kwa kitambaa chenye maji. Ikitoka, usinunue, kwa kuwa rangi duni inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Harufu kali ya kemikali ni sababu nyingine ya kuacha. Mfuko wa plastiki uliofungia seti uharibiwe siku hiyohiyo, maana mtoto akiuvaa kichwani unaweza kumkosesha hewa. Kamba ndefu ziondolewe.

Tunatahadharisha pia kuhusu kitambaa cha kufunikia ngome. Kanga au shuka jepesi linatosha. Chandarua chenye dawa kibaki kitandani, mahali pake pa kumkinga mtoto na malaria. Kisifanywe hema la kuchezea na kutafunwa.

Fundi wa jirani na vitu vya shambani

Si lazima ngome itoke kiwandani. Watoto wetu wamejenga kwa udongo na mabua tangu zamani, na fundi seremala anaweza kutengeneza vipande vya kujengea kutokana na mabaki ya mbao. Mwagize akate vipande visivyopungua sentimeta 5 kila upande, avipige msasa hadi vilainike, aviringe pembe, na asitumie misumari, vanishi wala mbao zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa. Vipande vya namna hiyo havina sumaku wala betri, na vikichakaa hupigwa msasa upya.

Kitu kimoja cha shambani tunakikataza kabisa: chupa, makopo na maboksi yaliyokuwa na viuatilifu vya pamba. Katika mkoa wa wakulima wa pamba vyombo hivi huweza kuonekana kando ya mashamba na nyuma ya nyumba, na kwa mtoto hufanana na matofali mazuri ya kupanga. Mabaki ya sumu humpitia mtoto kwenye ngozi na mdomo. Chombo kikishatumika kisuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba la kunyunyizia, kisha kitobolewe na kuwekwa mahali ambapo mtoto hafiki, hadi kitakapoteketezwa kwa kufuata maelekezo ya afisa ugani.

Lebo, risiti na haki yako

Lebo kamili hutaja jina la mtengenezaji au mwingizaji, nchi ilikotoka bidhaa, umri wa mtumiaji na maonyo kwa lugha inayoeleweka. Vipande vilivyotolewa katika boksi na kuuzwa kwa fungu katika mfuko usio na maandishi vimepoteza habari zote hizo. Bei yake ndogo inatokana kwa kiasi fulani na kupotea huko. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hutolewa na shirika hilo baada ya kuipima bidhaa. Herufi CE ni tamko la mtengenezaji kwamba bidhaa inakidhi matakwa ya soko la Ulaya. Zisichukuliwe kuwa uthibitisho wa TBS.

Dai risiti ya EFD, na kama muuzaji hana mashine, pata karatasi yenye jina lake, tarehe na bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Tangazo la ukutani lisemalo “bidhaa ikishauzwa hairudishwi” halifuti haki yako pale bidhaa inapokuwa na kasoro au inapotofautiana na ilivyoelezwa. Anza kwa kuzungumza na muuzaji. Msipoelewana, mwone afisa biashara wa halmashauri yako, au wasiliana na ofisi za Kanda ya Ziwa za Tume ya Ushindani (FCC) na TBS zilizoko Mwanza. Ukiripoti kichezeo kimoja kilichovunjika na kutoa sumaku, unaweza kuwa umemwokoa mtoto wa mtu usiyemjua.

Kwa ufupi, kabla ya kulipa

• Pima kipande kidogo kuliko vyote kwa kumfikiria mtoto mdogo kuliko wote nyumbani.
• Soma umri na alama ya 0-3 iliyokatwa kwa mstari.
• Kagua sumaku, mfuniko wa betri, kingo, rangi na harufu.
• Hesabu fito na viunganishi, ulinganishe na picha.
• Chukua risiti na uhifadhi boksi lenye lebo.

Mambo haya matano hayachukui hata robo saa, na yanaweza kufanyika papo hapo mbele ya meza ya muuzaji, kabla fedha ya pamba haijatoka mfukoni.