Hadhira Inapoingia Mchezoni
Katika milima ya Usambara, ambako ngano husimuliwa pamoja na nyimbo zinazopokewa na wasikilizaji, mtazamaji wa tamthilia, yaani hadithi inayoigizwa mbele ya watu, hatarajiwi kukaa kimya, bali kwa vicheko, miguno na vigelegele humwonyesha mwigizaji palipogusa. Tabia hiyo, ambayo waliozoea kumbi za mjini huweza kuiona fujo (kwa haraka mno), ilipewa nafasi rasmi kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, pale Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walipoendesha sanaa za maonyesho kwa maendeleo, mbinu ambayo kwayo wanakijiji huyachunguza matatizo yao, huyaigiza, kisha huyajadili na watazamaji papo hapo. Kwa kuwa mbinu hiyo haihitaji pazia wala taa, hata uwanja wa shule wilayani Lushoto, kwenye milima hiyo ya Usambara, hutosha.