Kutaja Marejeo na Kupanga Kazi ya Kitaaluma

Katika makala hii tumekusudia kueleza namna mwalimu mwanafunzi apaswavyo kupanga kazi yake ya kitaaluma na kutaja mahali alikopata habari zake. Wanachuo wengi huliona jambo hili kuwa ni usumbufu wa mwisho, nao huliahirisha hadi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Sisi twaona kwamba kutaja marejeo ni sehemu ya ualimu wenyewe. Tutajaribu kuonyesha sababu zake kwa mifano ya hapa kwetu, Misungwi na mwambao wa Ziwa Viktoria.

Kwa nini tutaje chanzo?

Tuchukulie kwamba wanachuo wawili wameandika juu ya Mkoa wa Mwanza. Wa kwanza asema mkoa una watu 2,772,509. Wa pili asema una watu 3,699,872. Tofauti yao yapita watu laki tisa. Je, nani amekosea hesabu? Hakuna. Idadi ya kwanza ni ya Sensa ya mwaka 2012, na ya pili ni ya Sensa ya mwaka 2022. Kosa lao ni moja: hawakutaja chanzo wala mwaka. Mkufunzi anayesahihisha hawezi kuamua, na mtoto wa darasa la tano atakayefundishwa idadi hizo hatakuwa na njia ya kuamua pia.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kitabu kilichochapwa mwaka 2010 kikieleza kuwa magari huvuka kwa kivuko kati ya Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema, kilisema kweli kwa wakati wake. Lakini daraja lenye urefu wa kilometa 3 hivi lilifunguliwa hapo mwezi Juni 2025. Mwalimu anayenakili sentensi ya kitabu kile bila kutaja mwaka wake huigeuza kweli ya jana kuwa uongo wa leo. Aandikaye mwaka wa chanzo humwezesha msomaji kupima habari mwenyewe.

Basi marejeo yana kazi mbili. Kwanza, ni kukiri deni: wazo hili si langu, ni la fulani. Pili, ni kuonyesha njia: ukitaka kuhakikisha, pita hapa. Anayechukua maneno ya mwenzake na kuyafanya yake ametenda wizi wa kitaaluma, hata kama hakukusudia.

Umbo la kazi

Kazi ya kitaaluma hujitambulisha kwa mpangilio wake. Ukurasa wa jalada hubeba anwani ya kazi, jina na namba ya mwanachuo, jina la chuo, somo, jina la mkufunzi na tarehe. Baada yake huja utangulizi unaoeleza swali linalojibiwa, kisha kiini kilichogawanywa kwa vichwa vidogo, halafu hitimisho, na mwisho orodha ya marejeo. Kurasa zipewe namba. Pambizo ziachwe kiasi cha sentimita 2.5 kila upande, na upande wa kushoto uzidishwe kidogo ikiwa kazi itajalidiwa. Kila aya ibebe wazo moja. Iwapo chuo kimetoa mwongozo wake kuhusu ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari, mwongozo huo ndio ufuatwe.

Kutaja ndani ya maandishi

Iko mitindo mingi ya kutaja marejeo. Mmojawapo unaotumika sana ni ule wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, ujulikanao kama APA. Ulianza mwaka 1929 kwa mwongozo wa kurasa 7 tu, na toleo lake la saba lilitolewa mwaka 2019. Katika mtindo huu huandikwa jina la mwisho la mwandishi na mwaka wa kuchapwa ndani ya mabano, mathalani (Kitereza, 1980).

Hapa hapana budi kutofautisha mambo mawili. Ukieleza wazo la mwandishi kwa maneno yako mwenyewe, taja jina na mwaka. Ukichukua maneno yake yenyewe, yatie katika alama za kunukuu, usibadilishe hata neno moja, na uongeze namba ya ukurasa baada ya kifupisho 'uk.'. Kubadili maneno mawili matatu katika sentensi ya mtu si kueleza kwa maneno yako. Njia nzuri ni kusoma, kufunika kitabu, kuandika ulichoelewa, kisha kufunua na kulinganisha.

Orodha ya marejeo

Mwishoni mwa kazi vyanzo vyote vilivyotajwa hupangwa kwa alfabeti ya majina ya mwisho ya waandishi. Kila kilichotajwa ndani kiwemo katika orodha, na kilichomo katika orodha kiwe kimetajwa ndani. Kuongeza vitabu ambavyo hatukuvisoma ili orodha iwe ndefu ni udanganyifu.

Tutazame kitabu kimoja cha kanda yetu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji kwa miaka mingi. Baadaye aliifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House ikiwa na mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Marejeo yake yataandikwa hivi: Kitereza, A. (1980). Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Dar es Salaam: Tanzania Publishing House. Jina la kitabu huandikwa kwa herufi za mlazo. Kwa kazi ya mkono hupigiwa mstari. Toleo la saba la APA limeacha kutaja mji wa uchapishaji, lakini vyuo vingine bado huutaka. Fuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kitabu hiki chatufundisha jambo jingine. Gabriel Ruhumbika alikifasiri kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe, na tafsiri yake ikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig ilitokana na Kiswahili. Kwa hiyo anayeandika 'Kitereza asema' bila kutaja ni toleo lipi humpoteza msomaji, na humnyima mfasiri haki yake. Taja toleo ulilolishika mkononi, pamoja na mfasiri wake ikiwa ni tafsiri.

Habari zitokazo kwa wazee

Wanachuo wetu hukusanya pia methali, hadithi na habari za mila kutoka kwa wazee wa Kisukuma. Wengine hudhani kuwa, kwa kuwa mzee hakuandika kitabu, hakuna wa kumtaja. Hili ni kosa kubwa, kwani deni kwa mzee ni sawa na deni kwa mwandishi. Mwombe ruhusa ya kumtaja jina. Asipopenda, eleza tu kuwa ni mzee wa kijiji fulani. Andika siku ileile tarehe na mahali pa mazungumzo. Katika mtindo wa APA mazungumzo ya namna hii hutajwa ndani ya maandishi tu, kwa sababu msomaji hawezi kuyapata maktabani. Hata hivyo, katika kazi za fasihi simulizi na historia ni desturi njema kuweka mwishoni orodha ya waliohojiwa. Mkufunzi ataeleza ipi ifuatwe.

Pa kuanzia

Ugumu wa marejeo hutokana na kuchelewa. Tunashauri kila mwanachuo awe na kadi au daftari dogo. Kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu, anakili jina la mwandishi, mwaka, anwani, mchapishaji na mji. Kila wazo aliandikie ukurasa wake. Habari ya mtandaoni iandikiwe pia anwani yake na tarehe iliposomwa, maana kurasa za huko hubadilika.

Siku moja mtoto wa shule ya msingi atanyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, umejuaje?" Mwalimu aliyezoea kutaja vyanzo vyake hatakasirika wala kubabaika. Atamjibu kuwa habari hii imetoka katika kitabu hiki, ukurasa huu, au kwa mzee yule wa kijiji chetu. Kisha atamwambia aende akasome au akaulize mwenyewe.